Matundu Matatu Kifuani mwa Anitha

Mwezi wa sita, pale Mlali, kila ua ulikuwa na sauti moja: fimbo zikipiga alizeti. Yotham naye alikuwa kazini tangu asubuhi. Alitandaza vichwa vya alizeti juu ya turubai, akavipiga, na mbegu nyeusi zikamwagika. Mavuno ya mwaka huo yalikuwa mazuri. Ndani, mke wake Priska alikuwa akimnyonyesha mtoto wao mchanga wa wiki tatu. Mama yake Yotham, Bibi Sara, alikuwa jikoni akisonga ugali wa uwele. Ilikuwa nyumba yenye furaha, isipokuwa kwa jambo moja.

Jambo hilo lilikuwa kikohozi cha Anitha.

Anitha alikuwa mtoto wao wa kwanza, binti wa miaka minane, mwenye maswali mengi kuliko mwalimu wake. Alikuwa amekohoa kwa mwaka mmoja na nusu. Alipougua, homa ilipanda na pumzi ikawa fupi. Walimpeleka zahanati, akapewa dawa za nimonia, akapona. Baada ya miezi miwili mitatu, kikohozi kilirudi. Mambo hayo yalikuwa yametokea mara nne. Alipimwa kifua kikuu, akaonekana hana. Akilala chali alisema kuna kitu kinamkaba, basi alilala ameegemea mito kama mzee.

Bibi Sara alikuwa ameshakata shauri. Kwake yeye, kikohozi kisichosikia dawa kilitokana na kimeo, ile nyama ndogo inayoning'inia kooni. Alimjua mtu wa kijiji cha jirani anayekata vimeo, na mtu huyo alikuwa ameahidi kuja Jumamosi. Yotham hakulipenda jambo hilo, lakini hakulizuia. Hospitali walikuwa wamekwenda. Dawa mtoto alikuwa amemeza. Sasa alikuwa amebaki na nini?

Siku ya Alhamisi alikuja Mwanaidi. Mwanaidi alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Alikuwa ameolewa Mlali akitokea Kondoa, na watu walimpenda kwa sababu hakuwa na haraka. Alimwamkia Bibi Sara shikamoo, akaingia kumtazama mzazi na mtoto mchanga. Alipokuwa akipima uzito wa mtoto, alimsikia Anitha akikohoa uani. Aliacha mzani, akasikiliza.

Aliuliza kikohozi kile kina muda gani. Priska akamweleza yote, hata habari ya mkata kimeo. Mwanaidi hakugomba. Aliomba daftari la matibabu la Anitha, akakaa nalo kwenye kigoda, akafungua ukurasa mmoja mmoja. Kisha akamwita Yotham.

"Baba Anitha, hebu ona hapa," alisema. "Mara ya kwanza daktari ameandika nimonia, pafu la kulia, sehemu ya juu. Mara ya pili, kulia, juu. Mara ya tatu hivyo hivyo. Na ya nne. Mtoto ana mapafu mawili. Kwa nini ugonjwa unarudi mahali pale pale?"

Yotham alitazama ule mwandiko. Hakuwahi kuliwaza swali hilo.

"Pengine kuna kitu kimekaa hapo," Mwanaidi akaendelea. "Sijui ni nini. Mimi si daktari. Lakini nimonia inayorudi mahali pamoja inataka picha ya kifua."

Bibi Sara akasema kwamba kimeo cha mtoto kimevimba, yeye mwenyewe amekiona. Mwanaidi akamjibu kwa heshima kwamba kila mtu anacho kimeo, hata wao waliokaa pale. Mtu akikohoa sana koo huwasha, na kimeo nacho hutuna. Kwa hiyo kikohozi ndicho huvimbisha kimeo, wala si kimeo kinacholeta kikohozi. Alisema amewahi kumwona mtoto aliyekatwa akitoka damu nyingi mpaka akawekewa damu nyingine. Na kikohozi chake kilibaki vile vile.

Bibi Sara alirudi jikoni. Yotham alilichukua daftari, akazitazama tena kurasa zile nne. Kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mmoja na nusu, mtu alikuwa amempa swali badala ya chupa ya dawa. Aliweka fimbo ukutani. Siku iliyofuata alimchukua Anitha, wakaenda hospitali ya wilaya. Mkata kimeo aliambiwa asije.

Picha ilipotoka, daktari aliiweka kwenye ubao wenye taa. Mapafu yalionekana meusi, kama inavyotakiwa. Lakini upande wa kulia, juu, karibu na njia ya hewa, kulikuwa na kivuli cheupe cha duara. Kilikuwa na ukubwa wa ndimu.

"Baba, hicho ni nini?" Anitha aliuliza.

Yotham alimgeukia daktari. Daktari alisema mtoto aende Dodoma mjini kwa vipimo zaidi, akaandika barua ya rufaa.

Mjini, Yotham alifikia Makole kwa dada yake, Erica, ambaye alikuwa mhudumu katika ofisi za serikali kule Mtumba. Priska hakuweza kusafiri na kichanga, kwa hiyo Yotham ndiye aliyekuwa baba na mama. Alisuka nywele za Anitha vibaya, na Erica akazifumua akicheka.

Hospitalini Anitha aliingizwa katika mashine kubwa ya duara, ile ya CT skani, inayopiga picha za ndani kipande kwa kipande. Aliulizwa kama anaogopa. Akajibu kwamba anataka kujua inazungukaje.

Baada ya siku mbili waliitwa na daktari bingwa wa upasuaji wa watoto. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya upole. Jina lake lilikuwa Daktari Shakila. Aliwaonyesha picha kwenye kompyuta, akaeleza kwamba kile kivuli ni kifuko chenye majimaji. Anitha alizaliwa nacho. Mtoto anapoumbwa tumboni mwa mama, njia zake za hewa huchipuka kama matawi. Mara chache kitawi kimoja hujitenga, kikajifunga, kikawa kifuko. Kifuko hukaa kimya kwa miaka. Baadaye hujaa, kikaminya njia ya hewa, au kikaingiwa na wadudu wa magonjwa. Hapo ndipo mtoto hukohoa na kupata nimonia ya mara kwa mara.

Yotham aliuliza kwa sauti ndogo kama ni saratani.

"Kwa tunavyoona, si saratani," daktari alisema. "Tukikitoa tutakipeleka maabara ili tuwe na hakika. Na nikwambie jambo jingine, baba. Hakuna aliyekosea. Si chakula cha mama yake, wala si mkono wa mtu. Ndivyo alivyoumbika tu."

Yotham alishusha pumzi. Lakini neno lililofuata lilimrudisha nyuma. Daktari alisema kifuko hakiishi kwa dawa za kumeza. Kinataka upasuaji.

Yotham alimkumbuka baba yake mdogo, Mzee Elisha. Miaka mingi iliyopita Mzee Elisha alipasuliwa kifua. Alikuwa na kovu refu lililoanza chini ya bega, likazunguka mbavu, likafika karibu na ziwa. Alikaa msimu mzima bila kushika jembe. Yotham alimtazama Anitha, na mbavu zake nyembamba zinazohesabika. Alihisi kama amemezwa na ardhi. Aliomba radhi, akasema mtoto wake hawezi kupasuliwa namna ile.

Daktari Shakila hakushangaa. Alichukua karatasi na kalamu, akachora kifua cha mtoto. Akachora mstari mrefu.

"Hii ndiyo njia ya zamani. Bado inatumika pale inapobidi, na imeokoa wengi." Kisha akachora vidoti vitatu. "Na hii ndiyo tunayotaka kumfanyia Anitha. Matundu matatu kati ya mbavu. Kila tundu ni dogo kuliko ukucha wa kidole changu gumba. Katika moja tunapitisha bomba jembamba lenye kamera na taa. Katika mengine mawili tunapitisha vyombo vyembamba vya kushika na kukata. Sisi tunatazama kwenye runinga. Hatupanui mbavu."

Alieleza mengine pole pole. Mtoto angelazwa kwa dawa ya usingizi, asisikie lolote. Pafu la kulia lingepumzishwa kidogo ili wapate nafasi ya kufanya kazi, na la kushoto lingepumua kwa niaba yake. Kifuko kingefyonzwa maji yake, kisha ngozi yake ingebanduliwa na kuvutwa nje kupitia tundu mojawapo. Maumivu yangekuwa machache na siku za kulazwa zingekuwa chache pia.

"Lakini sitakuficha," alisema. "Tukikuta kifuko kimeng'ang'ania sana, au damu ikatoka, tutafungua kwa njia ya zamani ili mtoto awe salama. Nakuomba ruhusa ya njia zote mbili."

Yotham hakuwahi kusemeshwa namna hiyo na daktari. Alijisikia mtu mzima. Kabla hajajibu, Anitha alikuwa ameshasogea mezani.

"Hiyo kamera itauona moyo wangu?"

"Itauona," daktari alisema. "Uko jirani kabisa."

"Ukiwa unadunda?"

"Ukiwa unadunda."

Anitha alimgeukia baba yake. Macho yake yalikuwa yanawaka. Alisema anataka kuiona hiyo picha akiamka. Yotham alimtazama, akajikuta na yeye anatamani kuiona. Alichukua kalamu, akatia sahihi.

Kwanza mtoto alipewa dawa za kutuliza maambukizi, na wakangoja majuma mawili. Siku hizo zilipita kwa shangwe ambayo Erica hakuielewa. Anitha alimwambia kila mtu wa mtaa kwamba kamera itaingia kifuani mwake. Yotham alipiga simu nyumbani kila jioni. Alimweleza Priska habari ya vidoti vitatu mpaka Priska akaweza kuieleza mwenyewe. Bibi Sara alisikiliza pembeni ya simu, akaguna. Kisha akapanda basi, akaja Dodoma bila kumwambia mtu.

Aliingia hospitalini asubuhi ile ile ya upasuaji, siku ya Jumanne. Erica, aliyekuwa amelala wodini na mtoto, alikuwa ametoka kuoga. Yotham alikuwa bado njiani. Bibi Sara alimkuta mjukuu wake kitandani. Mtoto alisema ana njaa, hajala tangu chakula cha jioni. Bibi hakuamini masikio yake. Katika kikapu chake kulikuwa na chupa ya uji wa uwele wenye karanga, bado wa moto. Alimimina kikombe, Anitha akanywa chote.

Saa mbili muuguzi Alfonce alikuja kumchukua. Aliuliza swali ambalo huuliza kila mtoto na kila mzazi: umekula au umekunywa chochote? Anitha hakuzoea kusema uongo. Akasema amekunywa uji wa bibi, na ulikuwa mtamu.

Upasuaji uliahirishwa mpaka Alhamisi.

Yotham alipofika na kuambiwa, alikaa kwenye benchi akashika kichwa. Alitaka kumkaripia mama yake, lakini huwezi kumkaripia mama yako mbele za watu, na hata faragha ni kazi. Bahati nzuri Daktari Shakila alipita. Alimwamkia Bibi Sara shikamoo, akaketi naye.

"Bibi, dawa ya usingizi inalegeza mwili mzima," alimwambia. "Tumbo likiwa na chakula, kinaweza kupanda kooni, kikaingia kwenye mapafu. Mtoto amelala, hawezi kukohoa wala kukitema. Uji ule mzuri ungeweza kumuua."

Bibi Sara aliweka mkono kinywani. Machozi yalimtoka. Alisema alidhani watu wa hospitali wamemsahau mtoto. Kwao, mtu hapelekwi kwenye jambo kubwa na tumbo tupu. Daktari akamwambia kwamba huko ni kumpenda mtoto, na sasa amejua namna nyingine ya kumpenda.

Tangu saa ile, Bibi Sara akawa mlinzi. Jumatano jioni alimlisha Anitha vizuri, kabla ya saa aliyotajiwa na muuguzi. Baada ya hapo hakuna kilichopita. Alhamisi asubuhi Erica alifungua andazi lake, akafukuzwa mpaka nje ya wodi. Mama wa kitanda cha jirani alimpa Anitha kipande cha chungwa. Bibi Sara alikipokea yeye, akakila mbele yake bila aibu. Muuguzi Alfonce alipouliza lile swali lake, bibi alijibu kabla ya mtoto.

"Tumbo ni jeupe, mwanangu. Mchukueni."

Anitha alisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu akipunga mkono. Mlango ukafungwa.

Walikaa kwenye benchi. Yotham alisimama, akakaa, akasimama tena. Bibi Sara aliomba kwa Kigogo, midomo ikicheza bila sauti. Saa moja ikapita. Erica alileta chai, hakuna aliyeinywa. Ilipokaribia saa ya pili, mlango ulifunguka. Daktari Shakila alitoka akivua kofia yake. Uso wake ndio uliotangulia kusema.

"Kimetoka chote," alisema. "Kwa matundu yale matatu tu. Anapumua vizuri."

Yotham aliinuka, akamshika daktari mkono kwa mikono yake miwili akautikisa kama bomba la maji. Bibi Sara alipiga kigelegele kimoja kikali, hapo hapo kwenye korido. Muuguzi alitokeza kichwa kuomba kimya, naye alikuwa anatabasamu.

Walipomwona Anitha, alikuwa na usingizi bado. Bibi Sara alifunua shuka taratibu. Alitazamia bandeji ya kumzunguka mtoto mzima. Aliona plasta tatu ndogo. Alizihesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, akarudia tena. Kwenye tundu mojawapo kulikuwa pia na mpira mwembamba uliokwenda kwenye chupa sakafuni. Alfonce akaeleza kwamba ule unatoa hewa na maji yaliyobaki, ili pafu lijae vizuri. Ungetolewa baada ya siku moja au mbili.

Siku ya pili mpira ulitolewa. Anitha alisema uliuma kidogo, kisha akauliza ahadi yake iko wapi. Basi daktari alikuja na kompyuta ndogo. Wote wanne walisongamana kitandani: Anitha, Yotham, Erica na Bibi Sara.

Kwanza waliona rangi ya waridi inayong'aa. Kisha mbavu kwa upande wa ndani, kama paa la nyumba. Kisha, pembeni, kitu kilichokuwa kikiruka na kutulia, kikiruka na kutulia.

"Huo ni moyo wako," daktari alisema.

Anitha aliweka kiganja kifuani pake, akautazama moyo wake kwenye kioo huku akiusikia chini ya mkono. Yotham alisogeza uso karibu zaidi na kioo. Maisha yake yote alikuwa amelima, amechinja, amezalisha ng'ombe, lakini hakuwahi kuona jambo kama lile. Kikaja kifuko chenyewe, cheupe, kimetuna, kimeegemea njia ya hewa. Chombo chembamba kikakitoboa, kikafyonza maji, kikaanza kukibandua pole pole kama mtu anayemenya yai. Mwisho likaonyeshwa pafu, lililokuwa limesinyaa. Likapewa hewa. Likaanza kufumuka kama andazi kwenye mafuta ya moto, likajaa, likafika kila pembe.

Bibi Sara aliomba arudishiwe hapo mwisho. Akarudishiwa mara tatu.

Siku zilizofuata Anitha alitembea koridoni na kupuliza maputo, kwa kuwa kupuliza hulizoeza pafu kufunguka. Siku ya nne aliruhusiwa. Yotham aliambiwa matundu yawe safi na makavu, na mtoto asibebe vitu vizito kwa majuma machache. Homa ikija, au pumzi ikawa fupi, au tundu likatoa usaha, amrudishe upesi. Alirudia maneno hayo yote kwa Priska kwenye simu, bila kuruka hata moja.

Majuma mawili baadaye walirudi kwa daktari. Majibu ya maabara yalikuwa yamefika: haikuwa saratani. Picha mpya ilionyesha mapafu mawili meusi, bila kivuli. Yotham alitoka nje, akampigia mkewe simu huku akicheka peke yake. Priska alilia, mtoto mchanga akalia, na kule Mlali majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba.

Mwezi wa tisa, mke wa jirani yao Noeli alimwita yule mkata kimeo. Mtoto wake wa miaka mitano alikuwa akikohoa tangu Pasaka. Bibi Sara alipopata habari aliacha kupepeta uwele, akafunga khanga vizuri, akaenda. Alimkuta mkata kimeo akiosha mikono. Alimwamkia kwa adabu, akamwomba asubiri. Kisha akaketi na yule mama. Alimweleza kwamba kikohozi kina sababu nyingi, na kwamba yeye mwenyewe alikaribia kumtia mjukuu wake kisu kooni wakati ugonjwa ulikuwa kifuani. Yule mama alisema anaogopa hospitali watampasua mtoto. Bibi Sara akamwita Anitha, akamwambia ainue blauzi upande wa kulia. Ilibidi yule mama ainame ndipo ayaone makovu.

Wakaenda zahanati siku ile ile, Bibi Sara akiwa mbele na Mwanaidi nyuma. Yule mtoto hakuwa na kifuko chochote. Alikuwa na pumu. Alipewa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akafundishwa namna ya kuitumia, na baada ya wiki moja alikuwa analala usiku kucha.

Mwanaidi alimwambia Yotham kwamba mama yake angefaa kuwa mhudumu wa afya. Yotham alimpelekea mama yake salamu hizo. Bibi Sara alikuwa uani, amezungukwa na wanawake watatu waliokuja kumsikiliza. Alisema hana nafasi ya kusomea, kazi zimekuwa nyingi. Akawageukia wageni wake, akaendelea kuwaonyesha kwa mikono yake miwili jinsi pafu linavyofumuka.